Mjumbe Asiyeombwa Tumbako

Nakumbuka asubuhi moja pale Lodwar, mwanangu, nikiwa kijana mwenye viatu vipya na kichwa kikubwa kuliko kofia yake. Nilikuwa karani katika duka la unga. Ofisa wa chama aliingia kununua soda, akaniona naandika risiti, akasimama akinitazama mkono.

"Wewe kijana unaandika vizuri," akasema. "Kizungu unajua?"

Nikamwambia kidogo.

"Basi wewe ni mjumbe. Tuko na nafasi moja ya upande wa Kakuma, na majina lazima ifike Nairobi leo."

Akaandika jina langu nyuma ya pakiti ya sigara, akamaliza soda yake, akaenda. Hivyo ndivyo nilivyochaguliwa, kama huko ni kuchaguliwa. Kakuma hakuulizwa mtu. Nilikuwa nakwenda kuamua nani apeperushe bendera ya chama kwenye kiti cha urais, na mtu pekee aliyenipigia kura alikuwa mtu aliyeingia dukani kwa sababu ya kiu.

Nikapanda lori kwenda Kakuma kwetu kujigamba. Siku hizo watu wawili walikuwa wanagombea tiketi hiyo. Wa kwanza hatukuwahi kumwona. Wa pili alikuwa amefika kwetu, akaketi mchangani kutwa nzima, akasikiliza habari ya ndugu zetu wa Lokiriama, kule mpakani, jinsi walivyokuwa wakivamiwa na kunyang'anywa mifugo bila askari hata mmoja wa kuwalinda. Hakuahidi mengi. Lakini alisikiliza, na wazee walimpenda kwa hilo.

Aliyenilea baada ya baba kufariki alikuwa ndugu yake, baba mkubwa, Mzee Lomuria. Nilipompa habari zangu hakufurahi wala hakukasirika. Aliwaita wenzake sita, wakaketi. Kisha akaniambia, "Sisi hatukukuchagua. Lakini jina lako liko huko, na sisi hatuna lingine. Basi acha tukutume."

Kila mzee akafungua kibweta chake, akatoa tumbako kidogo, wakaichanganya na kuifunga katika kipande cha ngozi ya mbuzi. Najua wewe unaona tumbako ni uchafu wa meno, lakini nisikilize. Nyumbani kwetu, aliyetumwa kuwasemea wengine alibeba tumbako yao. Akifika huitia kinywani kabla ya kusema, ili aseme kwa kinywa chao. Inayobaki huirudisha, nao huitafuna pamoja huku akiwaeleza: nilisema hivi, nikajibiwa hivi. Hatukuwa na karatasi wala muhuri. Tulikuwa na hiyo.

"Ukasimame," Mzee Lomuria akaniambia, "useme Kakuma inamtaka yule aliyeketi nasi. Wakikataa, wakatae wakiwa wamesikia."

Hilo tu, mwanangu. Hawakuniomba nishinde.

Nairobi tulilazwa katika hoteli ambayo maji ya moto yalitoka ukutani. Nilioga mara tatu siku ya kwanza. Nikavishwa kitambulisho shingoni, na watu wazima wakaniita mheshimiwa. Asubuhi ya mkutano, tukiwa kwenye chai, yule ofisa wa Lodwar akapita meza kwa meza. "Jina imeshakubaliwa huko juu," akasema. "Nyinyi mtainua mkono tu. Fuata nyuki ule asali."

Nilikuwa na siku nzima ya kukataa. Nataka ujue hivyo, maana nimewahi kuwaambia watu kwamba sikupata nafasi, na nilidanganya. Kipaza sauti kilipitishwa hadi mstari wetu. Mwenyekiti akauliza kama Turkana ina neno. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa mfukoni umeshika ile ngozi. Nikatazama viatu vyangu. Kisha ikasemwa wanaomuunga mkono fulani, yule ambaye hatukumjua, wainue mikono, na wa kulia ukapanda. Yule aliyeketi nasi mchangani alikuwa mbele. Aligeuka kututazama sisi watu wa Turkana, akaniona, akanikumbuka. Akaniinamishia kichwa taratibu, kana kwamba ananisamehe. Afadhali angenitukana.

Sasa sikia upumbavu mwingine. Njiani kurudi, tukiukaribia mji wa Kitale, nikaifungua ngozi nikaona imejaa vilevile. Mtu aliyesema hawezi kurudi na tumbako kamili. Basi nikatoa nusu nikaitupa dirishani, tumbako ya wazee saba, ili ionekane nilisema.

Nilifika Kakuma, nikawakuta wameketi. "Ejok," nikasalimu. "Ejok-noi," wakaitikia vizuri tu. Mzee Lomuria akaipokea ngozi, akatazama ndani.

"Ulipolisema neno letu," akauliza, "walijibu nini?"

Nikawaambia nilisimama, nikasema kwa nguvu, ila tulizidiwa. Nilipamba. Niliwataja hata watu walionipigia makofi. Wakanisikiliza hadi mwisho, maana kwetu mtu hakatizwi.

"Redio imesema," Mzee Lomuria akanena, "kwamba wajumbe wa Turkana wote walikuwa na kauli moja."

Akaipindua ile ngozi. Tumbako ikamwagika mchangani, na hakuna mzee aliyeinama kuiokota. Watu waliokuwa wakigombania hata vumbi la kibweta! Nikatamani ardhi inimeze.

"Waliokuandika bila kukuchagua walitudharau sisi," akasema. "Wewe ulitumwa. Wewe ndiye uliyetufanya tusiwepo."

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Ni kweli, hawakuniua. Hawakunipiga wala kunitoza mbuzi. Waliacha tu kuniomba.

Unajua sisi tulivyo. Mtu akikuona, kabla salamu haijapoa, atakuomba tumbako, atakuomba maji, atakuomba shati ulilovaa. Wageni wanaona ni usumbufu. Hawajui kwamba anayekuomba anakuambia wewe ni wake. Tangu siku ile, wazee wale walinisalimu, wakanikaribisha, wakanipa nyama kwenye sherehe. Lakini walipotaka tumbako walimgeukia aliyeketi kando yangu. Nilitembea na kibweta kimejaa miaka yote, mwanangu, hakuna aliyenyoosha kiganja. Mzee Lomuria alipokuwa anakufa nilikaa kwenye mkeka wake nikimsubiri aniombe, hata punje. Aliomba kwa muuguzi.

Ndiyo maana jana uliponionyesha simu yako sikuweza kukupongeza. "Mjomba, wamenifanya delegate, mjumbe wa chama!" ukasema, ukicheka, na ukaniuliza uvae nini. Nikauliza nani alikuchagua, ukasema jina lilitumwa tu kwenye grupu. Nikauliza watu wa Kakuma wanamtaka nani, ukasema, "Ah, mjomba, hiyo iko sorted, imeshapangwa."

Sikulala vizuri. Yule Mama Furaha, jirani yetu Mkongo anayeshona nguo kule kambi ya wakimbizi, aliwahi kuniambia, "Mzee, siye hatuna kura hapa. Weye ulikuwa nayo, ulifanya nayo nini?" Alikuwa anatania. Jana usiku swali lake lilinirudia.

Nasaha yangu ni hii, ingawa naitoa kama mtu anayeita mbuzi waliokwisha kupotea. Kama hujatumwa, kataa. Kama huwezi kukataa, na najua hutakataa, maana hata mimi sikukataa na sikuwa na njaa ya kazi kama wewe, basi kabla hujapanda basi tafuta watu wa kukutuma. Waketishe. Waulize. Kipaza sauti kikikufikia, sema neno lao hata kama jina limekubaliwa mezani kwenye chai. Ukishindwa kusema, rudi useme kwamba umeshindwa. Usitupe nusu dirishani.

Lakini nitakuambia kinachoniumiza zaidi. Mimi nilikuta wazee saba wakinisubiri na swali. Wewe ukirudi, nani atakuuliza? Nimepita sokoni leo tangu asubuhi nikiwatafuta watu wa kuketi nikutume nao. Wengine walicheka. Mmoja akauliza kama kuna fulana. Wale saba wameisha, na hatukuweka wengine mahali pao.

Basi nakutuma mimi, peke yangu. Tumbako hii hapa ndani ya karatasi, chukua. Akuj, Mungu wetu, akutangulie, akupe kinywa kisichotetemeka, akurudishe salama kwetu. Na ukirudi umeinua mkono wako kama nilivyoinua mimi, usizunguke kwa nyuma ya nyumba kunikwepa. Pita hapa mlangoni. Nitakuomba tumbako hata hivyo, mwanangu, kwa sababu najua mtu asiyeombwa anaishi vipi.