Taa za Kamyoneti ya Baba

Kwa upande wa magari, hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nasema bila aibu, na mtu yeyote wa Uvira atakuambia vilevile: gari ikishinda mafundi watatu, inaletwa kwangu. Shule niliiacha darasa la tano, lakini leo nina gereji yenye ukuta wa matofali ya kuchoma, nina malori mawili, na watoto wangu wamesoma mpaka wanarekebisha Kifaransa changu mezani. Yote kwa mikono hii. Kwa hiyo mwezi uliopita, mwenye teksi mmoja alipoingia akilalamika kwamba taa zake za mbele zinawaka na kuzimika zinavyotaka, nilicheka tu. Nikainama mbele ya gari. Hapo harufu ikanipiga: maji ya samaki yaliyokaukia kwenye chuma cha moto. Nikaacha kucheka. Niliketi juu ya gurudumu, mimi mtu mzima mwenye mvi, nikajikuta nina miaka kumi na moja.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu. Miaka mingi aliishi kwa taa, zile za petroli zinazoning'inizwa mbele ya mtumbwi mwezi ukiwa haupo, na ndagala wanazifuata. Alizijua taa zake kama mama anavyojua kikohozi cha mtoto wake. Alisikiliza tu inavyopumua, akajua inataka nini. Halafu akachoka na baridi ya ziwa. Akauza mtumbwi, nyavu na taa zote, akanunua kamyoneti, pikapu kuukuu ya kijani. Asubuhi alipeleka wamama na samaki wao Kamanyola, jioni akawarudisha na muhogo na nyanya. Hatukuwa na kitu kingine. Mama alisema gari ile ikitutoka, tutapika mawe ya pwani.

Likizo kubwa ya mwaka ule nilikuwa naye kila siku. Kwetu, kama unavyojua, samaki mkubwa hapandi ndani ya gari. Anamwagiwa chumvi kidogo, anatundikwa nje, mbele kabisa, upepo umpige, afike mbichi, na harufu yake ibaki barabarani. Kazi ya kutundika ilikuwa yangu. Siku za kwanza nilitumia kamba za mgomba, barabara ikazikata, na sangala mmoja mnene wa Mama Faida akabaki vumbini huko nyuma. Mama Faida alikuwa mwanamke mpana, mwenye mdomo ambao hata askari wa barriere, wale wa vizuizi vya barabarani, waliukwepa.

"Weye mutoto," akaniambia mbele ya wote, "hii mikono yako iko ya kukulia bugali tu?"

Neno lile liliniuma, nikaanza kutafuta dawa. Nyuma ya taa ya kushoto kulikuwa na bulo moja, bolti ndogo iliyoshika waya mweusi kwenye chuma cha gari. Nilichukua kle, ile spana ya Baba, nikailegeza, nikapitisha chini yake kipande cha waya mgumu, nikaikaza tena kwa vidole, nikatundika sangala. Tulipofika Kamanyola nikalegeza, nikatoa. Tangu siku ile hakuna samaki aliyeanguka tena. Baba alikuja kutazama, akamvuta samaki mkia mara mbili, hakutoka.

"Weye uko na kichwa ya mekanisien," akasema.

Hakuwa mtu wa kusifu. Nililala na neno lile kama mtu anavyolala na blanketi jipya, na mpaka leo, mtu akiniuliza nilianza ufundi lini, ninamjibu: siku ya sangala.

Wiki haikuisha, taa zikaanza kusumbua. Jioni ya kwanza tulikuwa tunarudi, jua limezama nyuma ya milima, na ghafla barabara ikapotea, kama mtu amekufunika macho kwa viganja. Kisha zikarudi zenyewe. Kesho yake vilevile. Baba akapeleka gari kwa fundi Musa, mekanisien wa karibu na soko. Mimi nilikuwa nimeshatoa waya wangu na kuikaza bulo vizuri kwa vidole, ili gari ionekane safi mbele ya fundi. Akawasha, zikawaka. Akabadili ampuli, zile balbu, zote mbili. Njiani zikazimika. Akabadili swichi. Zikazimika. Akasema bateri imezeeka, Baba akauza mabati aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya nyumba, akanunua bateri. Zikazimika.

"Mzee," fundi Musa akamwambia mwishoni, akijipangusa mikono, "hii gari inakukatala weye. Miye hainikatali."

Usiombe kumwona baba yako akirudi nyumbani na jibu la namna ile. Alifungua kapo, kifuniko cha injini, usiku, akakaa mbele ya zile taa, akazisikiliza. Kweli, aliinamisha sikio. Zile za ziwani zilikuwa zinamwambia. Hizi zilinyamaza.

Wamama wakaanza kupanda magari mengine. Akabaki Mama Faida, kwa sababu madereva wengine walikuwa wamemchoka. Kisha Baba akagundua kwamba ukipiga bati la upande wa kushoto, taa zinarudi. Basi kila jioni nilikaa juu ya kapo na fimbo, zikizimika napiga. Tulipita vijijini hivyo, tukilia kama ngoma, na watoto wakitukimbilia.

"Papa," Mama Faida alimwambia Baba kupitia dirisha la nyuma, "tunaenda Uvira ao tunaenda ku ndoa?"

Baba alicheka. Ni mara ya mwisho ninayokumbuka.

Mvua ya kwanza ilitukuta karibu na Nyakabere, giza linaingia. Nilikuwa juu ya kapo, maji yakinipiga usoni, taa zikifa kila baada ya hatua chache. Nilipiga mpaka fimbo ikavunjika. Nikapiga kwa ngumi. Zikawaka, nikaona barabara inapinda na daraja dogo bila ukingo, kisha zikafa, nami nikapiga kwa mikono miwili, nikimwahidi Mungu vitu ambavyo mtoto hana. Baba alikuwa anakanyaga breki, ninajua, niliisikia. Lakini udongo ule ukishalowa haushiki kitu. Gari ilishuka mtaroni taratibu, kama ng'ombe anayelala, nami nikarushwa kwenye mpunga wa watu.

Mguu wa Mama Faida ulivunjika sehemu mbili. Hakupiga kelele. Nilimsikia gizani akisema, "Mutoto iko wapi? Mumutafute mutoto kwanza."

Baba aliuza kamyoneti ikiwa bado na matope ili kulipia mguu ule. Sokoni wakasema alisinzia. Wengine wakasema ni kasiksi, pombe ya ndizi, na Baba hakuwahi kunywa. Mwanzo alijibu kwa hasira: "Miye sikulala. Taa zilikufa." Miaka ikapita, sauti ikashuka. Jioni moja aliniuliza, polepole, kama mtu anayeuliza daktari: "Muntu anaweza kufunga macho, asijue?" Nikamwambia hapana, Baba, zilizimika, nilikuwa juu yake. Akanitazama jinsi unavyomtazama mtoto anayekudanganya kwa huruma. Alirudi ziwani kama kibarua kwenye mtumbwi wa mtu mwingine, na akaomba apewe kasia. Taa hakuzigusa tena. Shule ilipofunguliwa mimi sikuenda. Nilikuwa nafagia kwa fundi Musa. Huko ndiko nilikojijengea jina, na maisha yangu yote nimewaambia watu: mafundi wa zamani walikuwa hawajui kitu, ona walivyomfanyia baba yangu.

Basi, mwezi uliopita, niliinuka kwenye lile gurudumu, nikaingiza mkono nyuma ya taa ya kushoto. Bulo ikazunguka kwa vidole vyangu. Chini yake waya wa kutundikia samaki, kama wangu wa zamani, na chumvi imeila ile pete ya waya mweusi mpaka imekuwa ya kijani. Tunaiita masi: umeme wa taa zote mbili hurudi kupitia pale. Ikilegea, gari ikisimama taa zinawaka, gari ikiruka zinakufa. Hilo nililijua tangu mwaka wangu wa pili wa kazi. Nimekaza masi za magari yasiyohesabika. Ile bulo ya utotoni tu, niliyoilegeza mimi na kuikaza kwa vidole, sikuwahi kuigeuza kichwani, kwa sababu nilikuwa nimeiweka mahali pa lile neno la Baba la kunisifu.

Baba aliona vizuri. Hakusinzia. Na amelala kilimani sasa, hakuna wa kumwambia.

"Patron, ni nini?" mwenye teksi akauliza.

"Ni samaki," nikamjibu.

Nikakwangua kutu, nikaweka bulo mpya, nikamchomelea ndoano ya samaki wake pembeni, mbali na waya wowote. Akatoa pochi, nikamwambia airudishe. Lakini gereji yangu ina sheria, hakuna kipuri kinachotoka bure, hata kwangu mwenyewe. Nikaingiza mkono mfukoni, nikaweka kwenye droo bei ya bulo moja: fransi mia tano.