Mtaro Usiochimbika

Juzi, kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Tarime, mzee mmoja aliweka kwenye kaunta kipande cha sakafu kilicholowa.

"Unyevu unapanda kutoka chini, kuta zimeota ukungu, mjukuu anakohoa."

Muuzaji akamshauri achimbe mtaro kuzunguka msingi, maji yapate njia.

Mzee aligeuka kututazama sisi wa kwenye foleni, kisha akamrudia muuzaji na kushusha sauti. "Mwanangu, tangu dhahabu ionekane kule kwetu, nikishika sururu karibu na nyumba, majirani watajua nimeiona. Kesho watakuwa wanachimba chini ya kitanda changu. Hakuna dawa ya kupaka?"

Kisha mama mmoja akasema kwa upole, "Shikamoo baba. Umesema unakaa wapi?"

Nilimchukia yule mama. Alikuwa ameniwahi.