Siku Niliyomfutisha Ubao Mwalimu Wangu

Jambo hili nililificha hata kwa mume wangu, na ninyi kama mtacheka chekeni taratibu, maana mpaka leo nikilikumbuka masikio yanawaka moto.

Mimi ni fundi cherehani wa Buhongwa, mama wa mapacha, na nilipofika miaka arobaini na mbili niliamua kusoma kidato cha tano kama mtahiniwa wa kujitegemea. Jumamosi ya kwanza ya masomo, kabla hatujamjua mwalimu wetu, nikaenda kituo cha masomo kule Kiseke nimevaa suti ya kitenge niliyoishona mwenyewe (mabega yamekaa sawasawa, sijisifu), miwani puani, mkoba mkubwa mkononi, nikafungua mlango wa darasa, na vijana kama ishirini, wote rika la wanangu, wakasimama kwa pamoja: "Shikamoo, mwalimu!"

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilitakiwa niseme jamani, mimi ni mwanafunzi mwenzenu, lakini aibu ya kuwa mama mzima anayetafuta kiti katikati ya watoto ilinikaba, nikasikia mdomo wangu unasema, "Marahaba, kaeni."

Wakakaa. Mimi sasa ningekaa wapi? Nikasogea mbele.

Binti mmoja, Neema, akafungua daftari. "Mwalimu, tunaanza na Matengenezo ya Kanisa? Kwa nini yalianzia Ujerumani?"

Bahati mbaya hiyo mada nilikuwa nimeisoma juzi yake, ukurasa mmoja na nusu. Nikaandika ubaoni, nikaeleza kwamba Ujerumani ya wakati ule haikuwa chini ya mkono mmoja, kila mtawala na eneo lake, kama sisi mafundi wa barazani, kila mtu na cherehani yake na hakuna wa kumwamrisha mwenzake, kwa hiyo yule mtawa aliyepingana na Papa alipotafutwa akapata mtawala wa kumficha. Vijana wanaandika! Nikanogewa. Kijana mmoja mwembamba akaingia, akakaa nyuma kabisa, kimya, wala sikumjali.

"Na wakulima walipoasi," Neema akauliza, "huyo mtawa alikuwa upande gani?"

Ukurasa wangu haukufika huko. Badala ya kusema sijui, nikasema, "Upande wao, binti yangu. Aliwaongoza mwenyewe vitani."

Yule wa nyuma akanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu. Ule waraka aliowaandikia watawala akiwataka wawapige hao wakulima, aliuandika kabla ya kuwaongoza au baada?"

Nilimchukia papo hapo. "Wewe ng'wanawane, mwanangu wewe, umechelewa halafu unaleta maswali? Njoo ufute ubao!"

Akaja. Akaufuta taratibu, mpaka pembeni. Ndipo mkuu wa kituo akachungulia dirishani: "Mwalimu Shija, mbona unafuta, umeshamaliza kipindi?"

Kikalipuka kicheko ambacho nadhani kilifika ziwani. Nikakamata mkoba nikimbie, na mlango nao ukagoma (nilikuwa nausukuma, kumbe unavutwa).

"Mama, usiondoke," akasema Mwalimu Shija, kisha akawageukia wenzangu. "Mnacheka nini? Sababu aliyoieleza ni sahihi, na mfano wake ni mzuri kuliko niliokuja nao mimi. La wakulima tu ndilo mlifute. Aliwapinga."

Kipindi kilipoisha nikamfuata kuomba radhi, akanikatiza. "Mama, mwaka jana mimi nilifundisha uongo wiki tatu nzima bila kujua. Niliposhtuka nikarudi darasani nikawaambia. Wewe umedanganya dakika ishirini tu."

Kijana wa miaka ishirini na sita! Na mimi, miaka yote kwenye cherehani, sijawahi kumwambia mteja kwamba nguo yake nimeikata vibaya. Siku zote husema kitambaa kimesinyaa.

Jumatatu alikuja dada mmoja kuchukua gauni lake. Nikamwambia, "Dada, hapa kiunoni nimekosea mimi." Akavuta kiti akasema, "Haya, fumua nikusubiri."

Nikafumua. Na nimeapa, shikamoo isiyo yangu siipokei tena.