Bibi Saida wa Busawe, Aliyedai Theluthi Yake

Bibi Saida binti Yassini Mogesi alizaliwa mwaka 1957 katika kijiji cha Nyangoto, wilaya ya Tarime, siku ya Ijumaa, wakati watu wakivuna ulezi. Baba yake alikuwa Mkurya aliyekwenda ujanani kujifunza ushonaji mjini Tarime kwa Maalim Hamim, fundi mwenye asili ya Pangani. Alirudi kijijini akiwa na ufundi wa cherehani na akiwa amesilimu, na mbele ya jina lake la Mogesi akaweka jina la Yassini. Mama yake Saida alifariki mtoto akiwa na miaka minne. Nyumba ikabaki na watoto wawili tu: Ramadhani, mkubwa, na Saida. Mzee Yassini aliwapeleka wote wawili kwa Maalim Hamim wakasome Msahafu, na aliyewafundisha hasa alikuwa mke wa Maalim, Bi Ummy, mwanamke mkali, mwenye sauti ya chini, asiyemruhusu mtoto yeyote kuruka herufi. Majirani walimshangaa Mzee Yassini kwa kumsomesha binti. Mmoja alimuuliza, "Huyo msichana atamsomea nani?" Akajibu, "Siku ya hesabu Mungu atamuuliza yeye mwenyewe. Hataniuliza mimi kwa niaba yake." Bibi Saida aliyarudia maneno hayo maisha yake yote, na aliyahesabu kuwa urithi wa kwanza alioupata kwa baba yake.

Mwaka 1971, Desemba ilipofika na wasichana wa rika lake wakaandaliwa kukeketwa, wanawake wa ukoo walikuja kumchukua. Mzee Yassini alisimama mlangoni akakataa. Bi Ummy, aliyekuwa amekuja kuwatembelea, aliwaambia wanawake wale kwa utulivu, "Kwetu Pangani wanawake wanaswali, wanafunga, wanaolewa na wanazaa, na hawakukatwa. Hakuna ibada mliyokamilisha ninyi ambayo sisi imetupungukia." Saida hakukeketwa, lakini aliilipia heshima hiyo. Wenzake walimwita msagane, jina la kumdhihaki msichana asiyepitia kisu, na kwa miaka miwili hakuna aliyekubali kwenda naye mtoni. Alikwenda peke yake, na njiani alikuwa akirudia aya alizohifadhi. Alisema baadaye kwamba hakuwahi kuhifadhi haraka kama katika miaka ile miwili.

Wito wake ulimjia mwaka 1974, akiwa na miaka kumi na saba. Mwanamke mmoja Mwislamu, mgeni aliyekuja kuuza uji kwa wachimbaji wa dhahabu, alifia kwenye vibanda vya machimboni. Hakuwa na mume wala ndugu, na hapo kijijini hapakuwa na mwanamke aliyejua kuosha maiti. Wanaume walijikusanya nje wakishauriana wampitishie udongo juu ya nguo badala ya maji, wamzike hivyo hivyo, kwa kuwa si halali kwao kumwosha mwanamke asiye wao. Saida alikuwa amemfuata Bi Ummy kwenye kazi hiyo mara mbili mjini Tarime. Alipita katikati yao akasema, "Shikamooni wazee. Naombeni maji na shuka safi, kisha mkae mbali." Mzee mmoja akamuuliza kama haogopi, na yeye ni mtoto. Akajibu, "Naogopa. Lakini ninyi hamwezi kuingia humu, na mimi naweza." Alimwosha mwanamke yule peke yake, akamsitiri, akamkafini kwa shuka ile, kisha akawakabidhi wanaume wamswalie na kumzika. Tangu siku hiyo, kwa miaka arobaini na minane, hakuna mwanamke Mwislamu kati ya Kerende na Busawe aliyekosa mikono ya kumwosha.

Mwaka 1977 aliolewa na Athumani Heche, fundi mwashi wa Busawe, ng'ambo ya Mto Mara, katika wilaya ya Serengeti. Ukoo ulitaka ng'ombe, kama ilivyo desturi. Mzee Yassini aliwaambia kwamba mahari ni haki ya anayeolewa, akamwita binti yake aseme anachotaka. Saida akataja cherehani. Athumani aliileta kutoka Musoma, akamkabidhi mkononi mbele ya watu, na ilikuwa mali yake hadi alipofariki. Kwa cherehani hiyo alishona sare za shule na sanda, na uani kwake alifundisha wanawake na wasichana kusoma. Athumani hakuwa mtu wa elimu, lakini alikuwa mtu wa kweli. Zamu ya darasa ilipofika aliweka maharage jikoni mwenyewe, na wenzake wa kazini walipomcheka aliwaambia, "Mtume alikuwa akishona nguo yake mwenyewe. Mimi ni nani hata maharage yanishinde?" Saida naye hakumdharau hata siku moja. Alimwita mkuu wa nyumba, na alipotaka kusafiri kwenda kuosha maiti alimuaga vizuri. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba mume na mke ni mikono miwili ya mwili mmoja: mmoja unashika kitambaa, mwingine unapitisha sindano, na hakuna aliyewahi kuuliza upi ulioshona.

Mtihani mkubwa wa maisha yake ulikuja mwaka 1999, baba yake alipofariki. Aliacha shamba kubwa pale Nyangoto, na kwa kuwa mgodi mkubwa ulikuwa unakuja, kila kipande cha ardhi ya eneo lile kilikuwa kimeanza kutazamwa kwa macho mapya. Ramadhani, aliyekuwa sasa mwenyekiti wa kamati ya msikiti, aliwaita wazee wa ukoo, na shamba zima likaandikwa jina lake. Saida alivuka mto akaenda kwenye kikao chao. Aliwaamkia, akakaa chini, akasema kwamba baba yake aliishi na kufa Mwislamu, na kwamba mwana mmoja wa kiume na mmoja wa kike wakiachiwa mali, theluthi mbili ni za kiume na theluthi moja ni ya kike. Mzee mmoja akamkatiza. "Binti, mwanamke harithi ardhi. Wewe ulishalipiwa ng'ombe ukaenda kwa watu." Saida akamwita baba kwa Kikurya, akasema, "Huyo ng'ombe sijamwona, tata. Mahari yangu ni cherehani, na ninayo mimi." Wengine walicheka, lakini Ramadhani hakucheka. Alimwambia dada yake kwamba anamwaibisha, akaondoka kikaoni.

Ijumaa iliyofuata aliswali upande wa wanawake katika msikiti ule mdogo wa mabati. Swala ilipokwisha, kabla watu hawajatawanyika, aliuliza kutoka nyuma ya pazia, "Sheikh, asalaam aleikum. Nina swali la elimu. Mtu amekufa, ameacha mwana na binti. Binti ana sehemu, au hana?" Imamu alikuwa mtu wa Kondoa, mpole, na kamati iliyomlisha iliongozwa na Ramadhani. Alimtazama Ramadhani, kisha akaligeukia pazia. Akasema, "Anayo. Theluthi. Na anayemnyima amekula moto." Ramadhani alichukua viatu vyake akatoka. Kuanzia siku hiyo hakuongea na dada yake, na shamba hakulitoa.

Hapa ndipo wengi hawakumwelewa Bibi Saida. Baadhi ya wanawake wacha Mungu walimshauri aache, wakimwambia kwamba subira ni bora na dunia inapita. Aliwajibu, "Hasira yake nimemsamehe. Shamba sijamsamehe." Walipomwuliza tofauti ni ipi, alisema kwamba hasira ilimuumiza yeye peke yake, kwa hiyo kuisamehe ni juu yake, lakini sehemu ya binti imewekwa na Mungu, na yeye akinyamaza kuna mabinti wengine watakaonyamazishwa kwa mfano wake. Kila Idi alimtumia kaka yake salamu na nguo za watoto alizoshona. Na kila salamu ilimalizika kwa maneno yale yale: theluthi yangu bado iko kwako. Hakuna salamu iliyojibiwa kwa miaka tisa.

Mwezi Aprili mwaka 2008, katikati ya masika, mke wa Ramadhani alifariki. Alikuwa amesilimu alipoolewa, lakini watu wote waliendelea kumwita kwa jina lake la zamani, Petronila, naye hakujali. Sheria inamruhusu mume kumwosha mkewe, ila Ramadhani hakuijua kazi hiyo, na waliokuwa wakiijua pale kijijini walikuwa wamehama. Kila mtu alijua ni nani anayepaswa kuitwa. Ramadhani aliona aibu, hakutuma mtu. Habari zilifika Busawe asubuhi kwa mwendesha bodaboda, naye Saida akamwambia Athumani, "Baba Zaituni, naomba ruhusa. Wifi yangu yupo ndani anasubiri." Mto Mara ulikuwa umejaa, na maji yalikuwa yanapita juu ya daraja. Wasafiri walikuwa wamekaa kando tangu alfajiri. Wanasema alipofika alishuka kwenye pikipiki, akaswali rakaa mbili kwenye nyasi, na alipotoa salamu ya mwisho zege la daraja lilikuwa linaonekana. Nimewauliza watu watatu waliokuwepo, na wote wamelisimulia hivyo hivyo. Yeye mwenyewe alipoulizwa alisema mvua ilikuwa imekatika juu Kenya.

Alimkuta kaka yake amekaa kwenye kigoda mlangoni. Ramadhani alisema bila kuinua uso, "Sikukuita."

"Najua, kaka. Maiti haina muda wa kusubiri mwaliko. Inuka."

"Niinuke niende wapi?"

"Ndani. Ni mke wako. Mimi nitaosha, wewe utamimina maji."

Waliingia wawili. Saida alimwelekeza kaka yake jinsi ya kushika kata, lini amimine na lini asubiri, upande wa kulia kwanza. Ramadhani alimimina akilia, na dada yake hakumwambia anyamaze. Hawakutaja shamba. Petronila alizikwa kabla ya alasiri, na Saida alirudi Busawe siku hiyo hiyo.

Baada ya arobaini, Ramadhani alisimama msikitini siku ya Ijumaa akasema mbele ya wote kwamba amekula mali ya dada yake kwa miaka tisa. Akaongeza kwamba kwa kulipia dhuluma hiyo anampa nusu ya shamba. Watu walitoa takbira. Sauti ya Saida ikatoka nyuma ya pazia. "Mungu akulipe, kaka. Mimi nachukua theluthi. Nikizidisha, nitakuwa nimechukua kwako kama ulivyochukua kwangu. Hiyo ziada una mabinti wawili. Waandikie wao ukiwa hai." Akafanya hivyo, na mabinti wale wanalima pale hadi leo.

Katika theluthi yake Bibi Saida alipanda mihogo, na upande wa barabarani Athumani akajenga darasa la matofali. Hapo wanawake walisoma Msahafu, wakajifunza hesabu ya mirathi kwa kugawanya mahindi juu ya mkeka, na wakajifunza kuosha maiti. Wasichana waliokimbia kukeketwa walilala humo kila Desemba, wa dini zote, na hakuna aliyewahi kutolewa mlangoni kwake kwa nguvu. Mwaka 2017 msichana mmoja aliyekuwa anasoma chuo Mwanza, Jenipha Brayan, Mkristo, alimuuliza mbele ya darasa kwa nini anasema mwanamke na mwanamume ni sawa mbele ya Mungu ilhali anaridhika na moja huku mwanamume akipewa mbili. Bibi Saida hakukasirika. Alisema, "Hiyo mbili imefungwa na mzigo. Alishe mke, watoto, mama yake, na dada yake akirudi nyumbani. Moja yangu haina mtu juu yake. Mwanamume anayekula mbili na mzigo akautupa, huyo ni mwizi, na mumwambie hivyo." Jenipha akasema bado hajaridhika. Bibi akatabasamu. "Vizuri. Njoo kesho tuendelee." Msichana alirudi kila siku hadi likizo yake ilipokwisha, na anakiri kwamba hawakukubaliana mpaka mwisho, na kwamba hakuna aliyewahi kuiheshimu akili yake namna ile.

Alifariki Busawe tarehe 16 Mei 2022, asubuhi, baada ya kuswali Alfajiri akiwa amekaa kwa sababu ya maradhi ya miguu. Wanafunzi wake wanne walimwosha. Walisema vidole vyake havikukakamaa, na kwamba mkono wa kulia ulikunjika wenyewe kama wa mtu anayetoa shahada. Alizikwa pembeni ya mumewe, kwenye kaburi lisilojengewa, kama alivyousia. Wajukuu wanasema cherehani yake bado inafanya kazi.

Wanaume wanaosoma haya wamtazame Athumani, ambaye hakupungukiwa kitu kwa kuwa na mke aliyemzidi elimu, na wamtazame Ramadhani, aliyerudi ijapokuwa alichelewa. Wanawake wamtazame Bibi Saida. Hakutamani nafasi ya mtu, na nafasi yake hakumwachia mtu.

Mwaka jana kule Kerende alifariki Idrisa Nkwabi, mchimbaji aliyetoka Shinyanga, akaacha mjane na binti wawili wadogo. Ndugu zake wa kiume walifika, na mazishi yalipokwisha walianza kufunga vitu vyake wavichukue, mashine ya kusagia mawe pamoja na mabati ya nyumba. Kati ya wanawake waliomsindikiza mjane alikuwepo Saumu, msichana wa miaka kumi na tisa aliyesoma katika darasa la Nyangoto. Alipiga magoti akawaamkia wale wanaume mmoja mmoja. Kisha akatandika mkeka katikati ya uwanja, akamwaga juu yake punje ishirini na nne za mahindi.

"Baba zangu," alisema, "mna sehemu yenu humu, hakuna atakayewanyima. Lakini mjane ana yake, na hawa watoto wana yao, na ni kubwa kuliko yenu. Kabla hamjafunga hiyo kamba, kaeni tugawane."

Mkubwa wao aliitazama ile kamba mkononi mwake. Akaiweka chini, akavua viatu, akakaa.