Jokébed wa Kimemi na Moyeu ya Jeep ya Amisi

Kama ulipita kartie ya Kimemi miaka ile ya vita yetu ya pili, ulimuona Jokébed, hata kama hukujua jina yake. Mwanamuke mufupi, mupana, mwenye biganja sawa sahani ya kulishia nyumba muzima. Mi nilikuwa nauzisha mandazi mbele ya parcelle, kiwanja yake. Siku moja nilimuona anapiga kofi inzi moja, na inzi saba bengine bakakufa juu ya upepo tu. Mwenye anakataa, aende kuuliza hao inzi.

Bwana yake, Eliezer, alikuwa mekanisia. Miaka kumi na mbili Jokébed alimushikia taa, alimuoshea bipande na petroli, alimusikia akisema na bile bichuma kama mutu anabembeleza mbuzi. Eliezer akakufa na ugonjwa ya maini. Aliacha batoto batatu na caisse, sanduku moja ya funguo za gari. Mu ile caisse mulikuwa ufunguo moja yenye haikutoka Ulaya wala Japani: Eliezer alikata kipande ya bomba ya maji, akaichonga meno ine, njo akawa nafungua nayo écrou, nati kubwa ya moyeu ya mbele ya jeep za zamani. Moyeu ni ile katikati ya gurudumu, pale roulement, zile beringi, zinazungukia. Mekanisia bengine balikuwa napiga hiyo écrou na marteau mpaka inalia. Eliezer aliifungua pole pole, kama kijana anafungua barua ya muchumba.

Mutu wa kwanza kutaka ile caisse alikuwa Kitsa, ndugu ya Eliezer. Kitsa alikuwa ancien, muzee mu kanisa, mutu murefu, na maombi yake ilikuwa murefu kumupita. Akibariki chakula, chakula inapoa, inalala, inaamuka.

"Shemeji," alimuambia Jokébed, "mwanamuke na funguo ya gari, ni sawa mi na kitenge."

"Kitenge itakupendeza, shemeji," Jokébed akajibu. "Kiuno uko nayo."

Mama Tamar, mama ya Eliezer na Kitsa, alikuwa mama mukwe muzuri, mais lakini mwenye kukata maneno. Akasema: "Bon. Mbele ya Dimanche, Jokébed atengeneze gari moja, iende Beni na irudi. Ikirudi muzima, caisse inabaki kwake. Gurudumu ikiharibika mu njia, Kitsa anabeba caisse. Tutakutana kiisha ibada." Ilikuwa Lundi, siku ya kwanza kiisha Dimanche.

Lundi hapana mutu alikuja. Mardi akakuja mutu mumoja, kuuliza njia. Mercredi asubui tukasikia kilio mu barabara, imbwa zote za Kimemi zikaanza kuitika, hata ile ya choriste, muimbaji wa kanisa, yenye haikubwekaka. Ilikuwa jeep ya Amisi.

Amisi alikuwa transporteur, mwenye kubeba batu na mizigo, Muislamu wa Beni, mutu wa mizaha. Jeep yake ilikuwa ya zamani sana. Banasema Nuhu aliiacha inje ya safina juu ilikataa kuwaka. Gurudumu ya mbele ya kushoto njo ilikuwa nalia. Mekanisia yake ya siku zote alikimbia Uganda, juu basoda ba bunduki, baaskari, balikuwa namutengenezesha gari yabo kwa nguvu.

"Mama Jokébed, unaweza hii?"

"Naweza."

"Umeshaifanya na mikono yako?"

"Mikono ilifanya. Jina njo ilikuwa ya bwana yangu."

Amisi akacheka, akashuka. Jokébed akanyanyua jeep na cric, ile jeki, akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Akatoa kile kifuniko chenye unageuza na bidole wakati unataka jeep ivute na mbele. Akaingiza ule ufunguo ya bomba, écrou ya kwanza ikatoka, halafu rondelle, kale kabati ka duara, yenye masikio ya kukunjwa, halafu écrou ya pili, halafu moyeu muzima ikakuja mu mikono yake. Mi nilisogea na kikapu yangu ya mandazi. Harufu ilinirudisha nyuma.

"Iko nini?" nikauliza.

"Mutu ameweka mafuta ya ngombe," Jokébed akasema.

Kweli. Miaka ile graisse, ile mafuta nzito ya gari, ilipotea, basoda balikuwa naibeba kwa bunduki, na mekanisia ya Amisi alishindilia mafuta ya ngombe. Maji ikaingia, ikachanganyika, ikakuwa kama chai ya maziwa. Parcelle yote ilinuka Noeli.

Aliosha roulement mara tatu na petroli, akazipanguza, akazitazama mu jua, kachuma kamoja kamoja. Hakukuwa kenye kulika. Akaingia mu nyumba, akatoka na mukebe ya graisse yenye alifichaka chini ya maharagi tangu Eliezer ako muzima. Akaweka bonge mu kiganja, akachukua roulement, akawa anaisukumia mu ile graisse, anaisukumia, mpaka graisse inatokea upande ya pili kama bidudu bya mvua. Kwa ile kiganja alimaliza roulement mbili wakati ya kula mandazi moja. Akaweka joint mupya ya kuzuia maji, akarudisha moyeu. Akakaza écrou mpaka gurudumu ikakataa kuzunguka, halafu akairegeza kidogo, vile mutu anaregeza mukaba kiisha kushiba. Akashika gurudumu juu na chini, akaitikisa. Haikucheza. Akafunga écrou ya pili, akakunja sikio ya rondelle juu yake isirudi nyuma.

Kitsa alikuwa amesimama pale tangu mwanzo, mikono nyuma.

"Na tutajuaje kama ameikaza sana?" akauliza.

"Vile Eliezer alifanyaka," Jokébed akasema. "Mukitembea kidogo, musimame. Weka mukono juu ya moyeu, sema Baba Yetu. Ukifika Amina na mukono ingali pale, iko sawa. Ukiitoa mbele ya mukate wetu wa kila siku, iko moto, roulement inateseka."

"Mais mama, mi ni Muislamu," Amisi akasema.

"Sema yako. Roulement haina kanisa."

Jeudi asubui tukaondoka: Amisi mu volant kuendesha, Jokébed kando yake, Kitsa na mi nyuma na mufuko ya biazi. Mi nilikuwa naenda kumuona mutoto yangu Séphora kule Beni. Jeep ilienda kimya mpaka Amisi akaanza kuogopa. Alizoea kulia kwake.

Pale Maboya tukasimama. Amisi akaweka mukono, akasema Alhamdu yake mbio sana, midomo inaruka, akamaliza. "Amina. Tuende."

"Hiyo ilikuwa sala?" Kitsa akauliza. "Mungu amesikia hata neno moja?"

"Ancien, Mungu hapana muzito wa masikio. Ni weye njo unamurudiliaka."

Kitsa akakasirika, akasema kusimama kwenye kufuata ni yeye ataweka mukono. Sasa, kwenye kufuata ilikuwa chini ya Kabasha. Mwenye anajua Kabasha anajua ile mushuko: gari inashuka na frein, breki imekazwa, toka juu mpaka chini, mukono ya Mungu inasaidia kidogo. Tulishuka, mufuko yangu ya biazi ikanipita ikaenda kukaa mbele. Na pale chini kulikuwa barrière ya basoda, muti ya kufunga barabara.

Kamanda alikuwa na miwani nyeusi na makasha kumi ya kupeleka sijui wapi. Akazunguka jeep yetu mara mbili, anaipapasa.

"Motuka oyo ya nani?"

"Yangu, chef," Amisi akasema.

"Iko muzuri. Tutaitumikisha siku mbili."

Siku mbili ya basoda, sisi wote tulijua urefu yake. Gari ya jirani yangu ilienda siku mbili, mpaka leo haijarudi.

Kitsa yeye hapana alisikia hata. Alikuwa amechuchumaa kwa gurudumu, mukono juu ya moyeu, macho amefunga. "Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe, ufalme wako uj..." Akatoa mukono na kuruka. "Iko moto! Nilisema. Mwanamuke ameiharibu. Hii gurudumu inatoka, itaua batu bote."

Mi nilimutazama Jokébed. Alifungua mudomo. Alijua, na mi nilijua, hata biazi byangu bilijua: kiisha kushuka Kabasha na frein, magurudumu yote inakuwaka moto. Angesema tu, "Shemeji, gusa na ile ya kuume," maneno ingeisha. Mais kamanda alikuwa amegeuka, anasikiliza. Jokébed akamutazama kamanda, akamutazama Amisi, akafunga mudomo yake. Halafu akasema pole pole: "Kweli, shemeji. Nimeharibu."

Kamanda akarudi nyuma ya jeep hatua mbili. "Hii ni sanduku ya maiti," akasema. "Mutoke hapa."

Tulienda pole pole sana mpaka barrière ikapotea. Kule mbele Amisi akasimamisha, akaweka kichwa juu ya volant, akacheka mpaka machozi. Halafu akamugeukia Jokébed. "Mama, umejitukanisha juu yangu."

"Endesha," Jokébed akasema. Hakucheka. Alikuwa anawaza Dimanche.

Kufika Beni, barabara ni ya sawa, frein inapumuzika. Jokébed akamuita Kitsa. "Gusa sasa." Kitsa akagusa. Ilikuwa baridi sawa chungu ya maji. Alisema Baba Yetu yote, akaongeza na maombi ya bagonjwa na ya bamisionere. Akasimama, akapanguza mukono. "Labda ni juu ya kivuli," akasema. Ilikuwa saa sita ya jua.

Vendredi Amisi alienda musikiti, mi nikakula kwa Séphora mpaka nikasikia haya. Samedi asubui tukarudi. Na unajua vizuri barrière haikuhama. Kamanda aliona jeep, akavua miwani.

"Ile ile? Haijaua batu?"

Kamanda akamunyoshea Kitsa kidole. "Weye, mutu wa Mungu. Weka mukono tena, uombe. Ukifika Amina, gurudumu ni muzima, na jeep inabaki hapa."

Hapo niliona Kitsa anapungua urefu. Huyu ni mutu mwenye alikataaka kusema "sijambo" akiwa na mafua, juu ni bongo, ni uongo. Alitembea mpaka kwa gurudumu kama mutu anaenda kubatizwa na maji ya baridi. Akachuchumaa. Akaweka mukono. Tulikuwa tumetoka mu barabara ya sawa. Ile moyeu ungeweza kuiwekea shavu, ulale usingizi.

"Baba..." akasema.

Halafu akapiga kelele. Mi nimesikia nguruwe ya Noeli, nimesikia mwanamuke anazaa mapacha ine, mais kelele kama ile sijasikia. Akaanguka nyuma, akaweka mukono mu kwapa, akajizungusha mu mavumbi na koti yake ya ancien. Kamanda akaruka, soda mumoja akaacha bunduki ianguke. "Kende, kende, muende," kamanda akasema, na akanyanyua barrière yeye mwenyewe.

Tukapanda Kabasha. Kitsa alishika mukono yake sawa vile iliungua kweli. Na Jokébed, nilimuona mu kioo, uso yake ilikuwa muzito kuliko ya kwenda. Nilielewa. Kitsa alikuwa ameokoa jeep, ndiyo. Mais sasa alikuwa na barrière muzima ya bashahidi kama gurudumu ilimuunguza mara mbili. Angesema tu hivyo Dimanche, caisse ni yake.

Dimanche kiisha ibada tukakaa kwa mama Tamar, kuku ingali mu sufuria, caisse katikati yetu. Amisi alikuja pia, akaacha jeep inje. Mama Tamar hakuzungusha maneno.

"Jeep imerudi, nimeiona. Mais habari imefika hapa mbele nyinyi mufike, kama moyeu ilimuunguza Kitsa mbele ya basoda. Kitsa, ilikuwa moto?"

Kitsa akasimama. Akafungua Biblia, akaifunga. Nikafikiri sasa anaanza maombi, kuku itakauka.

"Mama, mara ya kwanza ilikuwa moto juu ya frein. Mi sikujua. Jokébed alijua, akanyamaza ili basoda basibebe gari."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili ilikuwa baridi. Nilidanganya."

Mama Tamar akaweka kijiko chini. "Ulidanganya katikati ya Baba Yetu?"

"Hapana, mama. Nilikuwa nimefika kwa 'Baba' tu."

Amisi akageukia ukuta, mabega yake inatetemeka. Mama Tamar akaokota kijiko yake. "Basi hiyo utaipanga na pasta," akasema. "Caisse inabaki kwa Jokébed."

Jokébed hakupata hata nafasi ya kusema wasingya, aksanti ya kwetu. Inje kulianza kilio ya pili: bandugu ya Amisi bamefika na jeep yabo mbili, mafuta ya ngombe ndani ya moyeu zote ine, na imbwa zimeshaanza. Akatoka na caisse yake mu kichwa. Aliporudi, mikono nyeusi mpaka mu kiwiko, alikuta sisi tumemuachia shingo ya kuku, na Kitsa angali anaomba juu ya sahani yake.