Pembetatu Ndogo Karibu na Lebo

Kila anayenipigia simu kuhusu santuri za zamani namwambia asiziguse hadi nifike. Nimechoka kulisema hilo. Natafuta zile za kwanza kurekodiwa kwa maikrofoni, ambazo zilinasa hata pumzi ya mwimbaji. Kabla ya hapo waimbaji walikuwa wakipigia kelele pembe la bati ili sauti inaswe.

Mama mmoja wa Kabiria, hapa Nairobi, aliniahidi hatazigusa. Marehemu mumewe alikuwa mpishi katika mtaa wa matajiri wa Lavington, na mwajiri wake alipohama alimwachia sanduku zima la santuri.

Nilipofika, sebule ilinuka spiriti.

"Mgeni hawezi kuja akute vumbi," mama alisema, akinimiminia chai. "Nimezisugua zote. Hapo katikati tu ndipo sikugusa, niliogopa karatasi itachanika."

Spiriti huyeyusha santuri hizo. Mifereji ya sauti ilikuwa imezibika, laini kama sahani. Lakini kando ya karatasi ya lebo, pale alipoogopa kufika, palikuwa na pembetatu ndogo, alama ya kurekodiwa kwa maikrofoni niliyoitafuta miaka mingi katika maduka ya Ngara. Nikageuza nyingine, na nyingine. Zote zilikuwa nayo.

"Si sasa zinang'aa?"

"Zinang'aa, mama," nikasema, nikaomba chai nyingine.