Kaseti Iliyonyunyiziwa Baraka

Harufu ya risasi ikiyeyuka juu ya waya ndiyo harufu ya Malaba niliyokulia. Wengine wakiulizwa watataja moshi wa malori yaliyopanga foleni kungoja kuvuka kwenda Uganda, au omena, dagaa wa ziwani, waliokuwa wakianikwa juu ya magunia kando ya reli. Mimi nitataja kibanda cha fundi Okisai, aliyekuwa akitengeneza redio, ambapo pua ilipokelewa na ule moshi mwembamba mtamu kabla macho hayajazoea giza la ndani. Mwezi uliopita, hapa nyumbani kwangu Busia, binti yangu Nekesa alifungua ubavu wa kompyuta yetu ya mezani ili tuiongezee memori, ikatoka harufu ya vumbi lililochomwa na waya zilizopata moto. Nikamwambia kwamba hiyo haikuwa mara yangu ya kwanza kwenda dukani kuchagua memori. Alicheka, kwa sababu anajua vizuri kwamba Malaba ya miaka ya sabini haikuwa na kompyuta hata moja. Ni kweli haikuwa nayo. Lakini memori ilikuwepo, ya utepe wa rangi ya kahawa, na ilipimwa kwa dakika.

Ilikuwa likizo ya Agosti, mwishoni mwa miaka hiyo, nami nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alikuwa mshonaji hapo Malaba, lakini kwao ni Usamia, kijiji kimoja karibu na Funyula, alikoishi mama yake. Sisi Wasamia bibi tunamwita kukhu, na huyu wangu alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti isiyolingana kabisa na mwili wake. Mtoto wake wa kiume alikuwa mmoja tu, Mjomba Wandera, aliyefanya kazi bandarini Mombasa. Mwaka huo Mjomba alipata kazi katika meli ya mizigo. Angeondoka mwisho wa mwezi, asirudi kwa miaka isiyopungua miwili, na ruhusa ya kuja kuaga alikuwa amenyimwa. Kukhu aliposikia hayo alisema mtoto wake hatapanda maji yasiyo na ng'ambo kabla ya kubarikiwa, na Mjomba mwenyewe akaapa kwamba bila baraka hiyo hapandi meli, kazi na ipotee. Wazee wanasema barua ni nusu ya kuonana, lakini Kukhu hakutaka kusikia habari za barua.

"Itaandikwa na mtu mwingine, isomwe na mtu mwingine," alimwambia Mama. "Baraka yangu itapita midomo mingapi kabla ya kumfikia?"

Ndipo Mjomba alipotuma redio kaseti. Ililetwa na mfanyakazi mmoja wa reli, rafiki yake, ikiwa imefungwa ndani ya shuka, na ndani yake mlikuwa na kaseti moja ya dakika sitini. Upande wa kwanza Mjomba alikuwa amejaza sauti yake. Upande wa pili aliuacha mtupu, tumjibu. Yule mtu wa reli angerudi Mombasa Ijumaa asubuhi, na baraka ilikuwa lazima iende naye. Kwa kuwa mimi ndiye niliyeweza kusoma maandishi ya vitufe, nilikabidhiwa mashine yote, nami nikavimba kichwa kwa namna ambayo hata leo naionea haya.

Jumapili tulikuwa Funyula. Nilipobonyeza kitufe na sauti ya Mjomba ikatoka, Kukhu alisogea, akainamia mashine, akauliza kwa upole, "Umekula?" Watu walicheka, lakini nilimwona Mama akifuta macho. Kisha nikageuza kaseti, nikabonyeza kile kitufe chekundu, nikampa Kukhu ishara aanze. Sasa ieleweke kwamba kwetu mtu haanzi jambo kwa jambo lenyewe. Kukhu alianza kwa kumsalimu Mjomba, akamsalimia kwa niaba ya marehemu baba yake, akamweleza habari za ng'ombe kwa majina yao, na yule aliyevunjika pembe. Majirani walikuwa wamesikia kwamba Wandera yumo ndani ya redio, basi wakaja mmoja mmoja. Kila aliyefika aliinama, akataja jina lake na la baba yake, akasalimia, akangoja kidogo kwa heshima ajibiwe, kisha akampisha mwenzake. Kuna mzee mmoja alisalimia, akatoka, akakumbuka hakuuliza habari za afya, akarudi. Nilipoona utepe unakaribia kwisha nilijaribu kupunga mkono, lakini nani angemkatiza mtu mzima kwenye salamu? Kitufe kiliruka chenyewe, tak. Nusu saa nzima ilikuwa imekwisha na baraka haijaguswa.

Mtu mmoja akashauri kwamba turekodi juu ya ule upande wa Mjomba. Mama aliichukua kaseti akaiweka kifuani.

"Hiyo ni sauti ya ndugu yangu anayekwenda baharini," alisema. "Mimi sifuti mtu."

Kwa hiyo Jumanne tulikuwa kwa fundi Okisai, kutafuta nafasi ya kuongeza. Okisai alikuwa Mteso wa Moding, mtu wa maneno machache, mwenye kalamu ya risasi sikioni wakati wote. Aliigeuza mashine yetu, akaipuliza vumbi, akaweka mezani kaseti tatu: mbili za dakika sitini, na moja ya dakika mia na ishirini, iliyometameta ndani ya kasha lake kama kitu cha sikukuu.

"Mama, chukua hizi mbili ndogo," alisema. "Hii kubwa utepe yake ni nyembamba kama ganda ya kitunguu. Hii mashini yako iko na nguvu kidogo, itakula hiyo."

"Fundi, wewe haujui watu ya kwetu," Mama akamjibu. "Sitini iliisha kwa salamu peke yake."

"Ndiyo nasema chukua mbili."

Mama alinigeukia. "Nabwire, wewe ndiye unasoma. Tuchukue gani?"

Ningeweza kumsikiliza fundi. Alikuwa mtu mzima, na kazi hiyo aliifanya kabla sijazaliwa. Lakini mia na ishirini ilikuwa kubwa kuliko sitini, hesabu hiyo niliijua vizuri, na ile kubwa ilikuwa inang'aa. Nikaonyesha kubwa kwa kidole. Okisai hakubishana nami. Alitoa kalamu sikioni akanipa, akaniambia, "Ikikula, usivute. Zungusha pole pole na hii." Niliitia mfukoni bila hata kumshukuru.

Jumatano Kukhu aliombwa kwa heshima zote afupishe salamu, akakubali, akazifupisha zikawa dakika ishirini. Kisha akasimama. Sikuwahi kumwona hivyo. Alizungumza na baba zake waliozikwa nyuma ya boma, akamwomba Mungu kwa jina la kanisani na kwa jina la zamani pia, akaiambia bahari kwamba huyo anayekuja ana mama. Nyua zote za jirani zilinyamaza, hata watoto. Alipomaliza maneno akapokea kibuyu cha maji, akapiga funda. Hapo ndipo ningepaswa kukumbuka kile ambacho kila mtoto wa kwetu anakijua, kwamba mzee akikubariki hukupulizia maji, nawe huinamisha kichwa uyapokee. Mjomba hakuwepo wa kuinamisha kichwa. Kilichokuwepo ni redio kaseti.

Pfuuu.

Maji yote yaliishia kwenye uso wa mashine. Akapiga funda la pili, pfuuu, kwa sababu huwa ni mara mbili. Mashine ilikohoa, ikatoa sauti kama ya paka aliyekanyagwa, na nilipofungua kifuniko nikakuta ule utepe mwembamba umejisokota huko ndani kama matumbo ya kuku. Mimi na marehemu Mama hatukuwahi kukubaliana kuhusu chanzo. Mama alisema ni maji. Mimi najua ni utepe, kwa sababu mimi ndiye niliyeuchagua, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Nilimwomba Kukhu arudie. Alinitazama kana kwamba nimemwomba azae tena.

"Baraka haitolewi mara mbili," alisema. "Ukirudia, unasema ile ya kwanza ilianguka. Yangu haikuanguka. Imo humo ndani. Itoe."

Kwa hiyo ikawa mimi, kalamu ya risasi na mchana mzima. Sikuvuta. Nilitoa utepe kidole kwa kidole, nikautandaza kwenye ungo kivulini ukauke, nikaupangusa kwa pindo la gauni langu. Watu walikuwa wamenizunguka, kila mmoja na ushauri wake, na wote wakisema polepole, kwa sababu haraka haraka haina baraka, mpaka nikatamani kulia. Nililia kweli, kimyakimya, nikiwaza Mjomba amesimama gatini na meli inaondoka bila yeye kwa sababu nilipenda kitu kinachong'aa. Kukhu alikaa nyuma yangu, mkono wake begani pangu. Nikaizungusha kalamu mpaka utepe wote ukarudi ndani ya nyumba yake, ukiwa na mikunjo kama nguo iliyolaliwa.

Alhamisi Okisai aliipokea mashine, akaifungua, akaifuta kwa pamba na spiriti. Hakusema "nilikwambia", na kwa hilo nampenda hadi leo. Aliichukua kaseti yetu, akaitia kwenye mashine yake kubwa, akabonyeza. Kukhu akatoka spikani. Penye mikunjo sauti yake iliyumba, akawa kama mtu anayeongea akiwa ndani ya mtungi, lakini kila neno lilisikika, na mwishoni ikaja ile pfuuu, safi kabisa. Okisai alirudi nyuma hatua moja, akapangusa shavu.

"Sasa hii iende kwa sitini," alisema. Akaunganisha mashine mbili kwa waya, akapeleka mbele hadi mahali salamu zilipoishia, akanakili baraka peke yake, ikatosha upande mmoja na nafasi ikabaki. Ijumaa asubuhi mtu wa reli aliondoka nayo kifuani, ndani ya shati.

Mjomba alipanda meli. Barua yake ilifika baada ya miezi mingi, yenye stempu ambayo watoto wa mtaa wote walikuja kuitazama. Aliandika kwamba alisikiliza baraka akiwa amepiga magoti, na kwamba ilipofika pfuuu alihisi maji usoni. Halafu mwishoni, kwa herufi ndogo zaidi, aliuliza ni kosa gani alilowafanyia watu wa kwao, maana katika kaseti nzima hakuna hata mmoja aliyemsalimu. Mama alicheka mpaka akaketi chini kando ya cherehani yake. Lakini Kukhu aliposomewa hakucheka. Alisema hilo ni deni la watu wote wa kijiji, na litalipwa.

Halikulipwa haraka. Ile mashine ilikufa kabla Mjomba hajarudi, kaseti zikaingia kwenye sanduku la Mama, na maisha yakapita juu yake. Mama alipotutoka ndipo nilipozikuta, ile ya Mjomba yenye salamu na ile kubwa iliyonyunyiziwa maji, zimefungwa pamoja kwa kitambaa cha gauni langu la utotoni. Nekesa alitafuta mashine ya kuzichezea, akaiunganisha na kompyuta ili sauti ziingie humo. Kompyuta ikawa inaganda. Kila tukifika katikati ya salamu, kioo kinasimama tuli, jirani wa Kukhu amekwama akitaja jina la baba yake.

Ndiyo maana tukaenda dukani hapa Busia. Kijana wa kaunta alitoa kijiti kimoja kikubwa cha memori, na Nekesa akakikodolea macho nikayatambua macho hayo.

"Mathe, kubwa siyo kila kitu," kijana alisema. "Hii mpya haiwezi ingia kwa mashini yenu, ni ya zamani. Hata pengo yake iko pahali tofauti. Ziko nafasi mbili huko ndani, chukua mbili ndogo, moja kila nafasi."

"Nipe mbili ndogo," nilisema kabla hajamaliza, nikacheka peke yangu hadi akamtazama Nekesa. Nyumbani tulichomoa umeme, tukagusa chuma cha kasha kutoa umeme wa mwilini, tukalinganisha pengo la kila kijiti na jino la nafasi yake, nami nikasukuma kwa vidole gumba viwili. Vibanio vikafunga, tak. Ilinichukua dakika tano. Sikuhitaji ungo, wala kalamu ya risasi, wala kijiji cha washauri, na lazima niseme niliwakosa.

Jumamosi tulimleta Mjomba Wandera kutoka Funyula. Ni mzee sasa, anatembea kwa mkongojo, na bahari aliiacha zamani. Tulimketisha mbele ya kompyuta, Nekesa akabonyeza, na salamu zikaanza kutoka. Sauti ya kwanza ilipojitaja, Mjomba alikaa wima. "Nami nakusalimu," alijibu, akauliza habari za watoto. Ikaja ya pili, akajibu. Ikawa lazima Nekesa asimamishe kila mara, ampe nafasi ya kumaliza, kwa sababu Mjomba hakutaka kumpita mtu. Wengi wao walishazikwa, naye anajua makaburi yao. Yule mzee aliyerudi kuuliza habari za afya alijibiwa mara mbili. Nusu saa ile ilikula mchana wote, chai ikapoa, nami sikuwa na haraka hata kidogo.

Sauti zilipokwisha alipangusa uso.

"Sasa weka ile baraka ya Mama yangu," alisema. Akavua kofia, akainamisha kichwa.